Eksteno yenye mfumo wake isiue kompyuta ya mwenyeji

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme na wasomaji wa Mwanza na visiwa vyake juu ya jambo ambalo limezagaa, kuanzia steshenari za Nyegezi na Malimbe wanakojaa wanachuo hadi kwenye meza za mafundi wa katikati ya jiji. Watu wanaweka mfumo endeshi mzima wa kompyuta, kama vile Linux, ndani ya eksteno, yaani diski ya nje ya USB. Mtu anaichomeka kwenye mashine yoyote anayoikuta, anawasha, anakuta mafaili yake na programu zake kama alivyoziacha, anafanya kazi, anazima, anachomoa na kwenda zake. Jambo lenyewe ni jema na tunaliunga mkono kwa mikono miwili. Tatizo ni namna linavyofanywa, maana anayeumia mara nyingi si mwenye eksteno bali mwenye kompyuta iliyotumika kuitengeneza. Kesho yake asubuhi anawasha mashine, na mahali pa Windows anakuta skrini nyeusi yenye neno moja, grub>, na kistari kinachopepesa. Anadhani ameingiliwa na kirusi. Akiamua kupiga marufuku eksteno dukani kwake, hatuwezi kumlaumu.

Kirusi hakuna. Kilichopo ni butiloda, programu ndogo ya kuuwasha mfumo, iliyowekwa pasipo mahali pake, na ndiyo sababu tumeandika barua hii.

Waliokimbilia njia hii wana sababu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo kwa upande wa Intel ni kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu nyingi za mtumba tunazotumia huku ni za kizazi cha 4, cha 5 na cha 6. Nguvu zinazo, RAM ya GB 4 au 8 zinayo, ila kwa Windows 11 zimefungiwa nje. Linux Mint 22, mfumo endeshi mwingine ambao ni wa bure na utaendelea kupata marekebisho hadi 2029, inakaa humo bila shida. Na yule ambaye hataki Windows yake iguswe anapata njia ya katikati: Linux ikae nje kwenye eksteno, Windows ibaki ndani.

Kuna vitu viwili watu huvichanganya. Ukiandika faili la ISO, yaani faili moja lililobeba mfumo mzima, kwenye flashi unapata mfumo wa majaribio. Unawaka, unafanya kazi, lakini ukizima, ulichokifanya chote kinapotea. Hicho ni kisakinishi tu. Tunachozungumzia hapa ni kukitumia kisakinishi hicho kupiga mfumo kamili kwenye diski ya pili, vilevile mtu anavyopiga Windows kwenye diski ya ndani. Kwa hiyo mkononi uwe na flashi ya GB 8 ya kisakinishi, na eksteno yenyewe.

Pesa iende kwenye eksteno. Nunua SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, ya aina ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 au 256, pamoja na kesi yake ya USB 3.0. Diski ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika hunakili filamu vizuri tu, MB 100 kwa sekunde hivi, na hapo ndipo inapowadanganya watu. Mfumo endeshi hausomi faili moja kubwa. Unasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kwa kila kipande kichwa cha diski lazima kiruke kwenda mahali pengine. Matokeo yake unabonyeza kivinjari na kusubiri kama unasubiri kivuko. Tena ikigongwa wakati inazunguka, kichwa kinaweza kugusa sahani na data ikaenda. Flashi ya kawaida haina sahani, ila kidhibiti chake, chipu inayoiongoza, ni dhaifu. Kuandika vipande vidogo vidogo kunaielemea, inapata moto, na seli zake huchoka mapema, kwa sababu mfumo endeshi huandika kumbukumbu zake muda wote hata wewe ukiwa umekaa tu unasoma.

Jihadhari na kitu kinachouzwa kama SSD ya TB 2 kwa bei ya flashi ya GB 32. Ukifungua kasha lake unaweza kukuta ubao mdogo wenye kadi ya kumbukumbu ya simu ndani, na kidhibiti kilichofundishwa kutangaza ukubwa usiokuwepo. Kinapokea data hadi kufika ukubwa wake wa kweli, kisha kinaendelea kupokea bila kulalamika huku zile za mwanzo au za mwisho zikipotea. Utagundua siku unapofungua faili la utafiti wako na kukuta halifunguki. Basi ipime eksteno siku hiyohiyo uliyoinunua, risiti ikiwa mkononi. Kwenye Windows tumia H2testw. Kwenye Linux tumia f3write na baada yake f3read. Zinaijaza diski yote na kuisoma tena neno kwa neno. Kazi hiyo inaweza kumaliza saa nzima au zaidi, na ni saa ya thamani.

Tundu la USB nalo litazamwe. Lenye ulimi wa bluu au alama ya SS kwa kawaida ni USB 3.0, kasi yake gigabiti 5 kwa sekunde. Jeusi mara nyingi ni USB 2.0, megabiti 480, ambazo ukizipima kwa kazi halisi ni MB 35 hadi 40 kwa sekunde. Mfumo utawaka huko pia, ila kwa uvivu. Umeme nao unatofautiana: USB 2.0 imepangiwa kutoa miliampea 500, USB 3.0 miliampea 900. Kwenye kompyuta ya mezani chomeka nyuma, kwenye matundu yaliyo juu ya ubao mama wenyewe, kwa sababu yale ya mbele yanapitia waya mwembamba ndani ya kasha, na eksteno inayojikatakata mbele mara nyingi hutulia ikihamishiwa nyuma.

Faili la Mint ni karibu GB 3. Si lazima kila mtu achome bando lake. Akipakua mmoja wengine wanakili, leseni yake inaruhusu. Ila kila anayenakili alihakiki. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256, ulinganishe mlolongo utakaoupata na ule uliochapishwa kwenye tovuti ya Mint. Herufi moja ikitofautiana, faili ni bovu. Tunalisisitiza hili kwa sababu faili lililokatika mtandao ulipoyumba linaweza kuandikika kwenye flashi bila neno, kisha usakinishaji unagoma katikati, na lawama zote zinaangukia diski isiyo na kosa. Kuandika flashi kwenyewe ni kazi ya Rufus au balenaEtcher, dakika chache tu.

Sasa tufike penye kidonda.

Kompyuta ya miaka kumi iliyopita hivi huwaka kwa utaratibu uitwao UEFI. Inapopata umeme hutafuta patisheni (kipande kilichotengwa cha diski) ndogo ya mpangilio wa FAT32 inayoitwa ESP, na humo ndimo inamokaa butiloda, ile programu ndogo inayoamka kwanza na kuuita mfumo. Windows ina ESP yake kwenye diski ya ndani, mara nyingi ya MB 100. Kisakinishi cha Mint, ambacho Ubuntu nayo ilikitumia kwa miaka mingi, kina kasoro inayofahamika: mashine ikiwa imewashwa kwa UEFI, huiweka butiloda kwenye ESP ya kwanza kinayoikuta, yaani ile ya diski ya ndani, hata kama wewe kwenye kisanduku kilicho chini ya dirisha umechagua eksteno, tuseme /dev/sdb, kwa mkono wako. Kisanduku kile kinaonekana kimekusikia, kumbe hakijakusikia.

Hapo wanaumia wawili kwa mpigo. Eksteno inabaki na mfumo mzima lakini haina butiloda, kwa hiyo ukiipeleka kwenye kompyuta nyingine inapuuzwa kama vile haina kitu. Diski ya ndani inabaki na butiloda ngeni ya Linux, iitwayo GRUB, ambayo kazi yake ni kuutafuta mfumo ulio kwenye eksteno, kwa namba yake ya utambulisho, UUID. Eksteno ikiwa imepanda kivuko kwenda Nansio, butiloda inatafuta, inakosa, inasimama kwenye grub> na kusubiri amri.

Dawa ya uhakika kuliko zote ni kuiondoa diski ya ndani kabla hujaanza. Kwenye laptopu nyingi za mtumba ni kazi ya bisibisi: zima kabisa, ondoa chaja, toa betri kama inatoka, fungua kifuniko cha chini, vuta diski ya SATA itoke kwenye meno yake. Kama ni ya M.2, ile nyembamba kama kadi, ni skrubu moja. Kompyuta nyingine zinakuruhusu kuizima diski hiyo ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka, bila kufungua kitu. Kisakinishi kikishaona diski moja tu, hakina pa kukosea, na hapo unaweza hata kuchagua kufuta diski yote na kukiachia kipange chenyewe. Kwa anayefanya kazi hii mara ya kwanza tunamsihi atumie njia hii na si nyingine.

Ikiwa mashine haifunguki, au si yako na mwenyewe hataki ifunguliwe, kuna njia ya pili. Washa kwa flashi, uingie kwenye mfumo wa majaribio, ufungue programu ya GParted. Chagua diski ya ndani, tafuta patisheni ya FAT32 yenye alama za boot na esp, ibofye kwa kitufe cha kulia cha panya, chagua usimamizi wa alama (Manage Flags), uziondoe zote mbili. Kisakinishi sasa hakitaiona kama ESP. Ukimaliza kusakinisha, rudi kwenye flashi, uiwekee tena ile alama ya esp. Boot hurudi nayo. Ukisahau hatua hii ya mwisho, zipo kompyuta zitakazokataa kuwasha Windows, na utakuwa umerudi kulekule tunakokukataza. Andika kwenye karatasi na uibandike kwenye skrini.

Kabla ya kugusa chochote ijue diski yako kwa jina. Kwenye mfumo wa majaribio fungua terminali, yaani dirisha la amri, andika lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN. Safu ya mwisho itasema sata au nvme kwa ya ndani, usb kwa eksteno na kwa flashi. Ukubwa utakuonyesha ipi ni ipi. Usikariri kwamba sdb ndiyo eksteno. Herufi hizo hugawiwa upya kila mashine inapowaka, na leo sdb inaweza kuwa flashi yenye kisakinishi.

Mgawanyo wa diski tunaoupendekeza kwa GB 240, kwa jedwali la patisheni la GPT, ni huu: patisheni ya MB 1 yenye alama ya bios_grub, ya MB 512 ya FAT32 iliyo ESP, ya GB 60 ya ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux) kwa ajili ya mfumo, na yote iliyobaki iwe exFAT. Hiyo exFAT ndiyo utakayobebea mafaili ya kuprintisha, maana Windows inaisoma bila kuuliza. ext4 haiisomi. Ukichomeka eksteno kwenye Windows ya steshenari na ikajitokeza dirisha inayotaka kuifomati patisheni ili itumike, jibu ni hapana, kila mara. Mfumo mzima unaweza kufutika kwa mbofyo mmoja wa kijana wa kaunta anayetaka kukusaidia. Mwambie mapema.

Patisheni ile ya MB 1 inaonekana kama mzaha lakini ndiyo inayoziwezesha mashine za zamani zisizo na UEFI. Mfumo ukishawaka kutoka kwenye eksteno, sakinisha kifurushi cha grub-pc-bin, kisha andika sudo grub-install --target=i386-pc /dev/ ikifuatiwa na herufi za eksteno, bila namba ya patisheni. Diski moja itawaka kwa taratibu zote mbili.

Kwa upande wa UEFI kuna jambo moja la kuhakiki, nalo ni dogo mno kulinganisha na uzito wake. Kompyuta ngeni isiyoijua eksteno yako haitafuti folda ya Mint wala ya Ubuntu. Inatafuta faili moja tu lenye jina lililokubaliwa na watengenezaji wote, BOOTX64.EFI, ndani ya folda EFI/BOOT ya ile ESP. Andika sudo ls /boot/efi/EFI/BOOT uone kama lipo. Likiwepo, umepita. Lisipokuwepo, andika sudo grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable, uangalie tena. Eksteno nyingi zinazosemekana zinawaka kwenye laptopu moja tu na kugoma kwingine zote, ugonjwa wake ni kukosa faili hili.

Na waliokwisha kuharibikiwa? Windows yenu haijafutika, msikubali kuuziwa usakinishaji mpya. Kwenye ile grub> andika exit, bonyeza Enter. Mashine nyingi zitaruka kwenda kwenye butiloda inayofuata, ambayo ni ya Windows. Ikikataa, zima, washa huku ukigonga kitufe cha orodha ya kuwashia: HP ni Esc kisha F9, Dell, Lenovo na Toshiba ni F12, laptopu za Asus ni Esc, na Acer ni F12 ambayo mara nyingi lazima kwanza uiruhusu ndani ya BIOS. Chagua Windows Boot Manager. Baada ya hapo ingia BIOS uiweke Windows juu kwenye mpangilio. Ukiwa kwenye Linux, amri ya efibootmgr itakuonyesha maingizo yote na namba zake. La Ubuntu lililosalia kwenye mashine ya watu liondoe kwa sudo efibootmgr -b na namba yake, kisha -B. Mint nayo hujiandikisha kwa jina hilo la Ubuntu, usishangae.

Kuna tahadhari ambayo ukiiruka hata kazi safi inageuka msiba, nayo ni BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski. Laptopu za Windows 11 nyingi zina diski iliyofungwa kwa siri bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha mpangilio wa kuwasha au ukazima Secure Boot (kinga ya mashine inayokagua butiloda), Windows inaweza kukuomba namba ya ukombozi ya tarakimu 48, na asiyekuwa nayo hana pa kuingilia. Kabla ya yote fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -status. Ikisema imefungwa, itafute namba hiyo kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine na muiandike kwenye daftari. Mint inawaka Secure Boot ikiwa imewashwa, kwa hiyo iache ilivyo. Vilevile zima Fast Startup ya Windows, maana nayo inaiacha diski ya ndani katika hali ya nusu usingizi, na Linux ikiigusa ikiwa hivyo mafaili yanaweza kuharibika.

Mfumo unaosafiri una tabia zake. Usisakinishe draiva ya kiwanda ya kadi ya picha ya NVIDIA kwa sababu tu kompyuta ya leo ina kadi hiyo. Kesho kwenye mashine nyingine unaweza kukuta skrini nyeusi. Draiva zilizokuja na mfumo zinatosha. Skrini ikigoma kwa sababu yoyote, kwenye orodha ya GRUB bonyeza e, mwishoni mwa mstari unaoanza na linux ongeza nomodeset, bonyeza F10. Usiulaze mfumo kwa haibaneti kisha ukaihamisha eksteno: picha ya RAM iliyohifadhiwa ni ya mashine ile ile. Zima kabisa, subiri taa ya kesi itulie, ndipo uchomoe. Kwenye kompyuta zenye Wi-Fi ya Broadcom mtandao unaweza usionekane mwanzoni. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, upakue draiva kwa njia hiyo.

Saa nayo itawachanganya. Windows huihifadhi saa ya mashine kwa majira ya hapa, Linux huihifadhi kwa UTC, yaani saa ya dunia, na Tanzania iko mbele kwa saa 3. Ukitoka kwenye eksteno na mwenyeji akawasha Windows yake, saa nne asubuhi inaweza kusomeka saa moja, na risiti zinaanza kutoka na muda wa uongo. Andika mara moja tu kwenye Linux yako timedatectl set-local-rtc 1, jambo limekwisha.

Umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ext4 ina shajara inayorekebisha mengi yenyewe mashine ikiwaka tena. Pale inaposhindwa utaangukia kwenye skrini yenye neno initramfs, ambayo juu yake imetaja patisheni yenye kasoro. Andika fsck -y /dev/ na jina la patisheni hiyo, subiri, kisha exit. Lakini kama eksteno inakwama kwa sekunde 30 hivi halafu inaendelea, na inarudia hivyo umeme ukiwa mzima, usiilaumu SSD. Mara nyingi ni kidhibiti cha kesi kisichopatana na utaratibu wa UAS wa kusafirisha data kwa USB. Amri ya lsusb itakupa namba mbili za kesi hiyo zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Kwenye faili /etc/default/grub, ndani ya mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ongeza usb-storage.quirks= ikifuatiwa na namba hizo na :u mwishoni, kisha sudo update-grub. Kasi itapungua kidogo, kukwama kutakoma. Na panya asiye na waya akianza kurukaruka mara tu unapochomeka eksteno, kipokezi chake kihamishie upande wa pili wa laptopu: USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4.

Tumeliacha la usalama mwisho ila lina pande mbili na zote zinatuhusu. Mwenye eksteno, kitu hiki ni kidogo, kinaenea kiganjani, na kitasahaulika kwenye daladala. Wakati wa kusakinisha washa usimbaji wa LUKS, unaoifunga diski kwa nywila, ujue tu kwamba nywila yake ukiisahau hakuna fundi wa kukuokoa. Mwenye steshenari au maabara ya chuo, nawe ujue kwamba mtu anayewasha mashine yako kwa mfumo wake anaweza kusoma diski yako ya ndani yote, picha na nyaraka za wateja zikiwemo, bila kuijua nywila yako ya Windows. Kinachozuia hilo ni BitLocker au diski ya ndani kuzimwa ndani ya BIOS yenye nywila. Tunawaomba msifungie watu nje. Tengeni mashine moja au mbili zilizopangwa hivyo, ziwe za wanaokuja na eksteno zao, na kusakinisha kufanyike kwa fundi, si kwenye kaunta.

Na kwa fundi kuwe na jaribio mbele ya mteja, kabla ya malipo. Zima, chomoa eksteno, washa: Windows ya mwenyeji lazima iwake yenyewe bila kubonyezwa kitufe chochote. Kisha ichomekeni eksteno kwenye kompyuta ya chapa nyingine ambayo haijawahi kuiona, ifikie mezani pa Mint. Fundi akisema jaribio la pili halina haja, muulize butiloda ameiweka wapi.

Ni sisi,
Mafundi wa kompyuta,
Mwanza.